Cecilia Payne-Gaposchkin

Cecilia Helena Payne-Gaposchkin (10 Mei 1900 – 7 Desemba 1979) alikuwa mwanaastronomia mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi karibu maisha yake yote nchini Marekani, kwenye paoneaanga pa Chuo Kikuu cha Harvard. Anajulikana hasa kwa tasnifu yake ya mwaka 1925, iliyoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba nyota, pamoja na Jua letu, ni hidrojeni na heli kwa sehemu kubwa sana. Wakati ule wataalamu karibu wote waliamini kwamba Jua lina elementi zilezile za Dunia kwa uwiano unaokaribiana, tofauti ikiwa joto tu. Kwa shinikizo la mkubwa wa fani yake, Payne aliandika katika tasnifu yenyewe kwamba tokeo hilo huenda si la kweli. Miaka minne baadaye ilithibitika kwamba alikuwa sahihi.

Mwaka 1956 alikuwa mwanamke wa kwanza kupandishwa cheo kuwa profesa kamili katika kitivo cha sanaa na sayansi cha Harvard, kisha mwanamke wa kwanza kuongoza idara katika chuo hicho.

Familia na utoto

Alizaliwa Wendover, mji mdogo wa Buckinghamshire nchini Uingereza, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake, Edward John Payne, alikuwa mwanasheria, mwanahistoria na mpenzi mkubwa wa muziki. Mama yake, Emma Pertz, alitoka katika ukoo wenye asili ya Prussia. Baba alifariki Cecilia akiwa na umri wa miaka 4, na mama akabaki kuwalea watoto peke yake. Baadaye familia ilihamia London kwa ajili ya masomo ya Humfry, mdogo wake wa kiume, ambaye alikuja kuwa mwanaakiolojia mashuhuri wa Ugiriki ya kale.

Shule ya kwanza aliyosoma London ilikuwa na mafunzo machache ya sayansi na hisabati. Mwaka 1918 alihamia St Paul's Girls' School, shule ya wasichana iliyokuwa na maabara na walimu wa sayansi. Mwalimu wa muziki hapo alikuwa Gustav Holst, mtunzi wa The Planets, muziki maarufu kuhusu sayari. Holst alikiona kipaji cha binti huyo na kumshauri afuate muziki, lakini Cecilia alikuwa ameshachagua sayansi.

Masomo ya Cambridge

Mwaka 1919 alipata ufadhili wa kusoma Newnham College, chuo cha wanawake katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alianza na botania, fizikia na kemia, akidhani atakuwa mtaalamu wa mimea.

Mwaka huohuo mwanaastronomia Arthur Eddington alirudi kutoka Príncipe, kisiwa cha Ghuba ya Guinea karibu na pwani ya Afrika, alikokwenda kuangalia kupatwa kwa Jua kwa tarehe 29 Mei 1919. Wakati Jua limefunikwa na Mwezi, Eddington alipiga picha za nyota zilizoonekana kando yake. Alipima kama nuru yake inapinda kwa kiasi kilichotabiriwa na nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein. Matokeo yalikubaliana na nadharia hiyo.

Eddington alipotoa mhadhara juu ya safari hiyo, tiketi za wanafunzi wa Newnham zilikuwa chache. Payne alipata yake kwa sababu rafiki yake mmoja alishindwa kwenda. Aliporudi chumbani aliuandika mhadhara wote kwa kumbukumbu tu. Tangu siku ile aliacha wazo la botania, akahamia fizikia na kuhudhuria masomo yote ya astronomia aliyoweza kuyapata.

Maisha ya mwanafunzi wa kike hayakuwa mepesi. Katika mihadhara ya Ernest Rutherford, mgunduzi wa kiini cha atomi, alilazimika kukaa peke yake safu ya mbele kwa sababu kanuni ziliwatenga wanawake na wanaume. Rutherford alipoanza kwa kuwasalimu mabibi kwanza, huku akimtazama, vijana walipiga makofi na kugonga miguu sakafuni kwa kejeli. Payne alikumbuka hadi uzeeni kwamba alitamani ardhi impasukie.

Alimaliza masomo mwaka 1923 bila kupewa shahada, kwani Cambridge haikuwapa wanawake shahada hadi mwaka 1948. Nchini Uingereza njia iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ualimu wa shule. Yeye alitaka utafiti.

Kuhamia Marekani

Payne alikutana na Harlow Shapley, mkurugenzi mpya wa paoneaanga pa Harvard, alipokuja Uingereza kutoa mhadhara. Shapley alikuwa ameanzisha masomo ya juu ya astronomia, na palikuwa na fungu la fedha la kuwasaidia wanawake. Mwaka 1923 Payne alivuka Atlantiki akiwa na umri wa miaka 23.

Paoneaanga pa Harvard palikuwa na hazina isiyo na mfano: maelfu ya bamba za kioo zenye picha za anga zilizokusanywa kwa miaka mingi. Kazi ya kuzichambua ilifanywa na wanawake waliolipwa ujira mdogo, walioitwa kompyuta kwa sababu kazi yao ilikuwa kupima na kuhesabu. Miongoni mwao alikuwa Henrietta Swan Leavitt, aliyevumbua njia ya kupima umbali kwa kutumia nyota zinazobadilika mwangaza. Alifariki mwaka 1921. Annie Jump Cannon alikuwa bado kazini. Yeye alipanga zaidi ya nyota 225,000 katika makundi kufuatana na spektra zake, na makundi hayo ya O, B, A, F, G, K na M yanatumika hadi leo.

Swali la spektra

Nuru ya nyota ikipitishwa kwenye mche wa kioo hutawanyika kuwa rangi kama za upinde wa mvua, nayo huitwa spektra. Kati ya rangi hizo huonekana mistari myeusi. Mnamo 1859 na 1860 Wajerumani Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba kila elementi ina mistari yake, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Hivyo iliwezekana kujua elementi zilizomo ndani ya nyota bila kuifikia.

Spektra ya Jua ina mistari mingi ya chuma na mistari mizito ya kalsiamu. Wataalamu walifikiri kwamba mstari mzito maana yake ni elementi nyingi. Kwa kuwa chuma, kalsiamu na silikoni ni za kawaida hapa duniani, walihitimisha kwamba ganda la Dunia likipashwa joto kama la Jua litatoa spektra ileile. Lakini nyota za makundi mbalimbali zilikuwa na mistari tofauti kabisa. Je, kila kundi lina elementi zake, au kuna sababu nyingine?

Ufunguo ulitoka India. Mnamo mwaka 1920 mwanafizikia Meghnad Saha alionyesha kihisabati jinsi joto na kanieneo vinavyoamua ni atomi ngapi zitapoteza elektroni zake na kuwa ioni. Atomi iliyopoteza elektroni hutoa mistari tofauti na ile ya awali. Basi nyota mbili zenye elementi zilezile zinaweza kuwa na spektra tofauti kwa sababu ya joto peke yake. Waingereza Ralph Fowler na Edward Milne waliiendeleza hesabu hiyo. Payne, aliyewafahamu wote wawili kutoka Cambridge, aliona kwamba bamba za Harvard ndizo mahali pa kuijaribu.

Tasnifu ya mwaka 1925

Kwa takriban miaka miwili Payne alipima uzito wa mistari katika spektra za nyota za makundi yote. Kwanza alithibitisha kwamba mfuatano wa makundi ya Cannon ni mfuatano wa joto, kuanzia O zenye joto kali hadi M zilizo baridi zaidi. Kisha akauliza: tukishajua joto linavyoathiri mistari, ni atomi ngapi za kila elementi zinahitajika ili kuleta mistari inayoonekana?

Hapo ndipo hidrojeni ilipomshangaza. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za sentigredi. Katika joto hilo karibu atomi zote za hidrojeni ziko katika hali yake ya chini ya nishati, na katika hali hiyo haziwezi kutoa ile mistari inayoonekana kwenye nuru ya kawaida. Ni sehemu ndogo mno iliyopandishwa hadi hali inayofaa. Hata hivyo mistari ya hidrojeni kwenye Jua inaonekana wazi. Kalsiamu ni kinyume chake: katika joto hilo karibu kila atomi yake iko tayari kufyonza nuru, hivyo hata kiasi kidogo huleta mstari mzito.

Hoja hiyo inaweza kueleweka kwa mfano wa umati uwanjani. Ikiwa mtu mmoja tu kati ya elfu kumi hubeba bendera, na bado bendera zinaonekana kila upande, basi umati wenyewe ni mkubwa mno. Kuhesabu bendera bila kujua ni wangapi wanaozibeba kutaleta jibu la uongo.

Hesabu za Payne zilionyesha kwamba silikoni, kaboni na metali za kawaida zinapatikana kwenye nyota kwa uwiano unaokaribiana na ule wa Dunia. Lakini hidrojeni ilikuwa karibu mara milioni moja zaidi ya metali hizo, na heli nayo ilikuwa nyingi kupita kiasi.

Kurudi nyuma

Shapley alipeleka rasimu kwa Henry Norris Russell wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyewahi kuwa mwalimu wake. Russell ndiye aliyekuwa mwenye sauti kubwa kuliko wote katika astronomia ya Marekani kuhusu nyota, na neno lake liliweza kumjenga au kumvunja mtafiti kijana. Alisifu sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini Januari 1925 alimwandikia Payne kwamba haiwezekani hidrojeni iwe mara milioni zaidi ya metali.

Payne alikuwa na umri wa miaka 24, mgeni nchini, bila shahada kutoka kwao na bila ajira ya kudumu. Aliandika katika tasnifu kwamba wingi wa hidrojeni na heli uliopatikana karibu hakika si halisi. Hata hivyo hakuzifuta namba. Zilibaki kwenye jedwali, na yeyote aliyetaka kuzisoma aliweza kuzisoma.

Tasnifu ilichapishwa mwaka 1925 kama kitabu kiitwacho Stellar Atmospheres, yaani angahewa za nyota, nacho kilipokewa vizuri. Payne alikuwa mtu wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya astronomia kutoka Radcliffe College, chuo cha wanawake kilichoshirikiana na Harvard. Miaka mingi baadaye mwanaastronomia Otto Struve aliitaja kuwa tasnifu bora kuliko zote zilizopata kuandikwa katika fani hiyo.

Mwaka 1928 Mjerumani Albrecht Unsöld, na mwaka 1929 William McCrea, walipata nao hidrojeni nyingi katika Jua. Mwaka huohuo wa 1929 Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, alifikia hitimisho lilelile. Katika makala yake alitaja kwamba matokeo yake yanakubaliana na ya Payne, lakini hakueleza kwamba yeye ndiye aliyempinga. Kwa miaka mingi vitabu vilimpa Russell sifa ya ugunduzi huo.

Katika kumbukumbu zake Payne hakumlaumu Russell. Alijilaumu mwenyewe kwa kukubali mamlaka ya mtu badala ya kusimama na ushahidi wake, na aliwaasa vijana wasifanye kama yeye.

Umuhimu wa ugunduzi

Ugunduzi wa Payne ulibadilisha sehemu tatu za astronomia.

Ya kwanza ni nishati ya nyota. Mwaka 1920 Eddington alipendekeza kwamba nyota hupata nishati kwa kuunganisha hidrojeni kuwa heli. Wingi wa hidrojeni ulionyesha kwamba akiba ya kuni hizo ni kubwa sana, na mwaka 1939 Hans Bethe alieleza hatua za mchakato huo. Leo inajulikana kwamba Jua huunganisha takriban tani milioni 600 za hidrojeni kila sekunde. Kati ya hizo, tani milioni 4 hivi za masi hugeuka kuwa nishati. Akiba yake inatosha kung'aa kwa takriban miaka bilioni 10, na karibu nusu imekwisha kupita.

Ya pili ni asili ya mfumo wa Jua. Jua na sayari zake zilitokana na wingu moja la gesi na vumbi lililojikunja kwa uvutano wake miaka bilioni 4.6 iliyopita. Kwa kuwa wingu hilo lilikuwa hasa hidrojeni na heli, sayari za mawe ndizo zinazohitaji maelezo. Karibu na Jua changa palikuwa na joto, hivyo ni metali na miamba tu zilizoweza kuganda, na kwa kuwa vitu hivyo ni vichache, Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi ni ndogo. Mbali zaidi barafu iliweza kuganda, viini vikakua na kuvuta gesi, ndiyo maana Mshtarii na Zohali ni kubwa na zimejaa hidrojeni na heli. Kwa hiyo metali za Dunia zinakaribiana kwa uwiano na zile za Jua, kama Payne alivyopata, lakini gesi nyepesi karibu zote zimekosekana. Waliolitazama Jua kama Dunia iliyopashwa joto walichukua masalio wakadhani ndiyo mali yote.

Ya tatu ni kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu kwa ujumla. Baada ya Georges Lemaître kueleza kwamba ulimwengu unatanuka kutoka mwanzo wenye msongamano mkubwa, wataalamu kama George Gamow na Ralph Alpher walitafuta mwaka 1948 jinsi elementi zilivyotokea katika dakika za kwanza. Nadharia ya mlipuko mkuu inatabiri kwamba mata ya mwanzo ilikuwa robo tatu hidrojeni na robo moja heli kwa masi, karibu sawa na inavyopimwa katika nyota. Elementi nzito kama kaboni, oksijeni na chuma zilitengenezwa baadaye, zaidi ndani ya nyota.

Kazi Harvard

Baada ya shahada Payne alibaki Harvard, lakini bila cheo cha ualimu. Kuanzia mwaka 1927 aliandikwa kama msaidizi wa kiufundi wa Shapley, na mshahara wake mdogo ulitolewa katika fungu la vifaa. Alifundisha na kusimamia utafiti, lakini masomo yake hayakuorodheshwa katika kitabu cha masomo cha chuo hadi mwaka 1945. Cheo cha mwanaastronomia alikipata mwaka 1938.

Mwaka 1931 alipata uraia wa Marekani. Mwaka 1933, akiwa safarini Ulaya, alikutana huko Göttingen na Sergei Gaposchkin, mwanaastronomia mzaliwa wa Urusi aliyekuwa hatarini katika Ujerumani ya Wanazi. Payne alimsaidia kupata viza na kazi Harvard, na mwaka 1934 walioana. Walijaliwa watoto watatu: Edward, Katherine na Peter.

Pamoja walichunguza nyota zinazobadilika mwangaza. Wao na wasaidizi wao walifanya vipimo zaidi ya milioni 1.25 kutoka kwenye bamba za Harvard, kisha wakaendelea na nyota za Mawingu ya Magellan, galaksi ndogo mbili zilizo jirani na Njia Nyeupe, na kufanya vipimo zaidi ya milioni 2. Vipimo hivyo vilisaidia kuelewa jinsi nyota zinavyozeeka.

Mwaka 1956 hatimaye alifanywa profesa kamili, akawa pia mkuu wa idara ya astronomia. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Frank Drake, aliyejulikana kwa hesabu yake kuhusu uwezekano wa viumbe wenye akili kwingineko katika galaksi yetu, na Paul Hodge. Aliandika pia vitabu kwa wasomaji wa kawaida na wanafunzi wanaoanza, vikiwemo Stars in the Making (1952) na Introduction to Astronomy (1954). Alistaafu mwaka 1966 lakini aliendelea na utafiti.

Heshima na kifo

Mwaka 1934 alikuwa wa kwanza kupokea tuzo iliyopewa jina la Annie Jump Cannon. Mwaka 1976 Jumuiya ya Astronomia ya Marekani ilimpa tuzo yake ya juu kabisa, ambayo inaitwa kwa jina la Henry Norris Russell, mtu yuleyule aliyemwambia nusu karne kabla kwamba matokeo yake hayawezekani. Asteroidi 2039 Payne-Gaposchkin imepewa jina lake.

Alifariki Cambridge, Massachusetts, tarehe 7 Desemba 1979. Kumbukumbu za maisha yake alizikamilisha mwaka huohuo. Zilichapishwa kwa wasomaji wote mwaka 1984, zikihaririwa na binti yake Katherine.